Sufuria Namba Nne

Harufu ya unga wa dengu ukitumbukia katika mafuta ya moto, na bizari ndani yake, na pilipili mbichi, ndiyo harufu inayonifanya nifunge vioo vya gari. Hapa Ibra, Oman, njia ya kwetu, upo mkahawa wa Wahindi wa Kerala unaotazamana na kituo cha petroli, na kila siku baada ya Alasiri karai lao huanza kuchemka, watu wakasimamisha magari kusubiri bajia. Wanangu hupiga kelele kule nyuma, "Mama, simama!" nami hukanyaga mafuta. Wananicheka. Wanasema mama anasomesha jiografia, haogopi nge, haogopi wakaguzi wa wizara, lakini anaogopa bajia. Na wacheke tu. Asiyejua maana haambiwi maana, na mimi mpaka mwezi huu, ukimtoa baba, sikuwa na hamu ya kumwambia mtu yeyote.

Nilikuwa na miaka kumi miguu ya bibi ilipoanza kuvimba. Bibi huyu ni mama yake baba, mzaliwa wa Unguja mjini, aliyefika Oman akiwa mtu mzima na masanduku mawili na ulimi mkali. Hakuna kitu cha Ibra kilichomridhisha. Wali usiotiwa nazi aliuita chakula cha wagonjwa, joto la hapa aliliita adhabu, na huzuni ikimpanda aliutaja urojo wa kwao, ule mchuzi mchachu wa embe wenye bajia na kachori za viazi, kama mtu anayemtaja marehemu. Hospitali zetu zilipomshindwa, ami zangu walikaa na baba sebuleni wakaamua mambo mawili. La kwanza, baba ampeleke Bombei, kama wazee wetu walivyozoea kuuita mji wa Mumbai, maana wagonjwa wengi wa Oman walikuwa wakienda huko. La pili, lolote litakaloonekana huko, bibi asiambiwe. Ndivyo tufanyavyo kwetu, mgonjwa habebeshwi habari yake mwenyewe. Mficha maradhi kilio humuumbua, na methali hiyo bibi aliipenda sana, lakini siku ile hapana aliyeikumbuka. Yeye aliambiwa anakwenda kupimwa tu. Akakubali kwa sharti kwamba nifuatane naye, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa na kwa kuwa, alisema, baba yangu hajui kumsuka mtu nywele.

Tulifika wakati wa mvua zao. Mtoto wa Ibra anaijua mvua kama mgeni wa kishindo, anayekuja ghafla, akajaza bonde, akaondoka. Ile ya Bombei haikuwa ikiondoka. Iligonga mabati asubuhi, ikagonga mchana, ukuta wa chumba chetu ukaota ukungu, nguo hazikauki, na kunguru wakajipanga kwenye waya mbele ya dirisha wakitutazama. "Hawa wanahesabu," alisema bibi siku ya kwanza, akavuta pazia. Lakini chini, mtaani, jamani! Nyumba yetu ya wageni ilikuwa nyuma ya hospitali, na uchochoro mzima ulikuwa unakula. Watu walikula wamesimama, miavuli kwapani. Palikuwa na puri ndogo za duara zinazotobolewa kwa kidole gumba na kujazwa maji ya ukwaju, unaipokea moja na kuitia nzima kinywani. Palikuwa na mahindi ya makaa yaliyosuguliwa ndimu na pilipili, na chai ya maziwa yenye tangawizi katika vigilasi vidogo vinavyounguza vidole. Na palikuwa na vada pav, ambayo si kitu ila kachori ya kiazi kama ya bibi, imebanwa ndani ya mkate mdogo wa boflo na kupakwa chatini. Nilikula vyote. Bibi hakula hata kimoja. Daktari alikuwa amemkataza chumvi, amemkataza viazi, amemkataza ukwaju, hata maji alipimiwa kwa kikombe. Alikaa nyuma ya pazia akiivuta ile harufu, na nikirudi kutoka chini alinishika mkono akaninusa vidole. Nilikuwa nikicheka akifanya hivyo.

Aliyempikia ni Yusufu Bhai, mwenye hoteli ya meza saba chini ya nyumba yetu. Alikuwa mzee mwembamba mwenye ndevu za hina, aliyewahi kupika Maskati miaka mingi, kwa hiyo alikuwa na Kiarabu cha kuungaunga ambacho mimi na yeye tulielewana kwacho. Wapangaji wa juu karibu wote walikuwa wagonjwa na jamaa zao, na Yusufu Bhai alikuwa na utaratibu wake. Ukutani nyuma ya meza yake alitundika sufuria ndogo kwenye misumari, na ubavuni mwa kila moja, penye masizi, aliandika kwa chaki namba ya chumba. Sufuria yenye namba haikuingia chumvi wala pilipili, wala haikuguswa na upawa wa sufuria nyingine. Yetu ilikuwa namba nne. Kila adhuhuri nilishuka kuichukua, wali laini wa choroko usiokuwa na ladha ya kitu chochote. Bibi aliutazama akasema, "Loo, Asya! Hata paka wa Malindi kwetu Unguja ukimpa hiki atakutukana." Kisha akala mpaka akamaliza, kwa sababu alitaka kupona arudi kwake.

Chumba namba sita kilikuwa cha Bi Zuwena wa Sur, mji wa pwani ya Oman, aliyemleta mumewe. Mume hakuwa akitoka kitandani, sisi tulimjua kwa kikohozi tu. Lakini Bi Zuwena alikuwa mchangamfu, na Kiswahili alikipata kwa mama yake, basi yeye na bibi walitaniana mlango kwa mlango. Siku moja nilimkuta kwa Yusufu Bhai ananunua samaki wa kukaanga, na biriani, na jalebi zinazochuruzika shira, vyote kwa pamoja, na macho yake yamevimba. "Mzee kapewa ruhusa," aliniambia. Yusufu Bhai alimfungia chakula chake, kisha akaiteremsha sufuria namba sita, akaifuta chaki kwa kitambaa cha maji, taratibu, akaitundika tena tupu. Nilipanda mbio kumwambia bibi kwamba mume wa Bi Zuwena amepona.

"Umejuaje?" aliuliza bibi.

Nikamweleza ya samaki na jalebi na kitambaa. Alichukua tasbihi yake akaanza kuivuta. Baada ya siku mbili chumba namba sita kilikuwa kinafagiliwa, godoro limesimamishwa ukutani. Nikamwambia bibi kwa hasira kwamba wamekwenda kwao bila ya kutuaga. "Ndiyo," alisema, "wamekwenda." Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi mawingu niliyaona kwa macho yangu nikayadhani ni moshi wa karai. Adhuhuri ilipofika nilishuka kuchukua wali wetu kama kawaida.

Wiki iliyofuata daktari alimwita baba peke yake. Bibi na mimi tulikaa nje kwenye benchi, yeye akivuta tasbihi, mimi nikihesabu matone yanayovuja darini. Baba alipotoka alikwenda kwanza kwenye bomba akanawa uso, halafu ndipo akaja kwetu. Alimpandisha bibi chumbani, akamlaza, akanishika bega akanitoa mpaka kwenye ngazi. "Mnunulie bibi yako chochote anachokitaka," alisema. "Daktari karuhusu. Lakini usimwambie kitu. Nikirudi kutoka ofisi ya ndege nitasema naye mwenyewe." Mimi nilielewa jambo moja tu, kwamba bibi amepona na baba anataka yeye ndiye ampe habari njema. Wivu ukanishika. Nani aliyeshuka ngazi kila adhuhuri na kurudi na sufuria ya moto mkononi? Nani aliyemsuka?

Nilimwagiza Yusufu Bhai kama bibi harusi. Vada pav mbili, bajia sahani nzima, ukwaju mwingi, na chumvi, chumvi, chumvi.

"Za nani?" aliuliza.

"Za bibi."

"Bibi wa namba nne?"

"Ndiyo! Daktari kamruhusu kila kitu."

Upawa wake ulisimama juu ya karai, mafuta yakidondoka. Akamwondoa mpishi wake, akazikaanga mwenyewe, moja moja, akazifunga katika gazeti. Nilipompa pesa aliurudisha mkono wangu. Kisha akaiteremsha sufuria yetu, akachukua kitambaa. Nilipiga makofi. Wallahi, nilisimama mbele ya yule mzee nikapiga makofi, naye akanitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa tena. "Nenda," alisema, "zisipoe."

"Bibi, umepona!" nilisema kabla sijaingia vizuri. Nikaikunjua karatasi juu ya kitanda.

"Nani kasema?"

"Daktari! Kamwambia baba ule chochote unachotaka. Na Yusufu Bhai kafuta namba yetu, nimeona mwenyewe."

Mkono wa bibi ulikuwa njiani kuelekea kwenye bajia. Ukasimama. "Kafuta?"

"Kafuta na kitambaa, kama ile ya Bi Zuwena."

Mvua iligonga bati. Bibi alilitazama pazia, kama anayesikiliza mtu aliye nyuma yake. "Haya," alisema. "Nipe hiyo yenye ukwaju." Akala. Alifumba macho, akasema kiazi kimepondwa vizuri ila chatini yao imezidi sukari, Unguja wangeona haya kuiuza. Alikula vada nzima na bajia nne, akalamba vidole, akanifuta mdomo kwa ncha ya kanga yake. Ndipo akasema, "Sikiliza, mwanangu. Baba yako akija ataniambia nimepona. Usimwambie kuwa umeshaniambia. Mwache aniambie. Mimi nitafurahi, na wewe ufurahi."

"Kwa nini, bibi?"

"Kwa sababu ni mwanangu, na amechoka."

Baba alirudi ameroa, tiketi mfukoni. "Mama, alhamdulillahi," alisema, "daktari kasema umepata nafuu, turudi nyumbani." Na bibi akainua mikono, akamshukuru Mungu kwa sauti, akamwita baba kwa jina la utoto wake, akamwambia hakuzaa bure. Baba alicheka. Kisha akatoka akasimama peke yake kwenye ngazi, nikamsikia anapenga makamasi. Nilikaa katikati yao nimejaa fahari, mtoto mwenye siri za watu wawili, bila ya kujua hata moja ilihusu nini.

Tulirudi Ibra, na bibi hakumaliza mwezi. Katika siku hizo alitaka apelekwe soko la wanawake la Jumatano, akaketi na kila mwenzake wa zamani akimwomba radhi. Aligawa kanga zake. Alimwomba radhi mama yangu, na ami zangu, na baba, ambaye alimwambia, "Mama, mambo gani haya, nawe umepona?" Akafariki Alhamisi asubuhi, chai yake haijapoa. Katika matanga nilimsikia mama mmoja akisema, "Marehemu alijijua." Pale pale nikakiona kile kitambaa cha maji kinapita juu ya chaki. Nilikwenda kujificha ghalani kwenye magunia ya tende, nikajiuma mkono. Watu wazima wote walikuwa wamekubaliana kumfichia, na mimi nilimpelekea hukumu yake katika gazeti, na makofi nikapiga. Niliona haya miaka mingi.

Nilikuwa nimeshaolewa na nimeshazaa nilipomweleza baba. "Alikuwa anajua?" aliuliza. "Basi ndiyo maana aliniomba radhi. Nilidhani ni uzee." Alilia kidogo, mbele yangu, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Halafu akasema, "Mimi, Asya, usije ukanificha." Nikamwahidi. Ahadi ya kitu kilicho mbali haina uzito.

Siku hizi watu wa Ibra hawakimbilii Bombei kama zamani. Majibu ya vipimo yanafika kwenye simu, na daktari ni kijana wa hapa hapa ambaye nimemsomesha mimi jiografia. Figo za baba zilianza kuchoka miaka mitatu iliyopita, urithi wa mama yake, nami humpeleka Nizwa kwa bingwa. Kila tukitoka, hata mkanda wa gari hajafunga, huuliza, "Bado nimekatazwa?" Nami humsomea karatasi: chumvi, viazi, ndizi, tende, ukwaju. "Alhamdulillahi," husema. Mume wangu hushangaa, mtu gani wa Oman anamshukuru Mungu kwa kunyimwa tende! Lakini mimi na baba tunajua tunachokishukuru. Kwa miaka mitatu hiyo marufuku ndiyo iliyokuwa habari njema ya nyumba yetu.

Mwezi huu bingwa alinibakisha ndani, akafunga faili. Hakuandika karatasi. Alisema maneno mengi ya upole na mwishoni akasema nimpe anachokipenda. Yale yale ya Bombei, bila ya mvua, ndani ya chumba chenye kiyoyozi. Baba hakuuliza tulipotoka. Hakuuliza njia nzima, alitazama milima tu, nami nilikuwa nimekwisha tengeneza uongo wa aina mbili, kila mmoja mzuri. Tulipokaribia kituo cha petroli ilikuwa baada ya Alasiri, na nilikuwa nimesahau kufunga vioo.

"Bado nimekatazwa?" aliuliza.

Nilifungua mdomo niseme uongo wa kwanza. Kilichotoka ni hiki: "Baba, unataka kula nini?"

Alilitazama lile karai ng'ambo ya barabara, na moshi wake, na watu waliojipanga. Akaniwekea mkono juu ya mkono wangu uliokuwa kwenye usukani.

"Bajia," alisema. "Zenye ukwaju. Na ununue na za watoto, umewanyima mno."