Ivi ya Msumarini

Akikuambia mtu kwamba ivi, ule mmea wa mapambo, haiwezi joto la huku Pwani, mlete kwangu Pangani, Kibaha, tumalizane. Nasema ile ndogo kabisa, inayotambaa, jani lake halizidi ukucha wa kidole gumba. Naijua mimi. Haitaki jua la mchana, haitaki udongo unaotuamisha maji, na majani yake lazima yafutwe kwa kitambaa kibichi, la sivyo utitiri unaimaliza. Nilianza na kikonyo kimoja cha kupandikiza, nikajaza vyungu baraza nzima. Majirani walicheka, "Jamani, huyu analea magugu!" Wakaja kunyamaza wenyewe.

Kisha nikajifungua. Mama akaja kutoka Kisarawe kunilea, kama ilivyo desturi: mimi na mtoto ndani mpaka arobaini iishe, nyumba yote mikononi mwake. Uji wa pilipili manga, maji ya moto, kukandwa mpaka napiga kelele. Kila asubuhi nilisikia ufagio wake uwanjani. Nikimuuliza habari za vyungu vyangu, ananijibu, "Kunywa uji, mwanangu."

Siku niliyotoka, barazani hapakuwa na jani. Ivi yote ilikuwa imeng'olewa na kuchomwa pamoja na takataka. Vyungu vimeoshwa, vimepangwa ukutani.

"Mama! Umefanya nini?"

"Kinachotambaa mlangoni ni makazi ya nyoka. Na ndani mna kichanga. Ulitaka nisubiri?"

Kwetu Kisarawe uwanja ni mchanga mtupu uliofagiwa, basi. Nililia kwa hasira, wallahi, nikamnunia mpaka akafunga mzigo wake akaondoka. Miaka yote ile ya kubembeleza majani, hivihivi! Nikazunguka vitalu kutafuta mche mwingine. Walikuwa na ile ya majani mapana tu.

Mtoto alipoanza kukaa, nikampeleka Kisarawe kwa bibi yake. Kinyongo nilikuwa nacho bado. Nikatoa shikamoo kwa mdomo mzito, mama akaitikia marahaba huku ameshamnyakua mjukuu. Nikazunguka nyuma ya nyumba kunawa. Hapo, kwenye msumari, kivulini, limening'inia sufuria bovu lililotoboka, na ndani yake ivi yangu, imejaa, inamwagika pande zote. Kwangu haikuwahi kupendeza vile.

Mama alikuwa amenifuata.

"Nilikwapua kikonyo kabla sijachoma," akasema. "Ulikuwa unaipenda mno. Nafuta majani kila siku, kama nilivyokuwa nakuona nikija kukutembelea."

Mimi niliyeuringia mtaa mzima, nikaomba kikonyo.

"Utakiweka wapi?"

"Juu, mama. Msumarini."

"Na uwanja?"

"Nitafagia."

Ndipo akanirudishia mtoto, akaenda kuleta kisu.