Kidoti cha Shavu la Kulia

Saa mbili asubuhi, chai ya Mama Kadi imeshafanya utando. Amekaa mezani karibu na dirisha, brashi nyembamba kama unyoya mkononi, na mbele yake zimelala kadi mbili zenye uso wa mwanamke mmoja. Moja ina kidoti cheusi kwenye shavu la kulia. Nyingine, shavu la kushoto.

Saa nne mwenye uso huo anakuja kuchukua kadi yake, na Mama Kadi hajui ampe ipi.

"Naogopa," anasema. "Mpaka vidole vya miguu vinaogopa."

Mumewe, fundi viatu mstaafu ambaye bado anashona vya majirani, anapita na soli mdomoni. Anaitoa ili aongee.

"Mwambie unaumwa. Mimi nitakaa kitandani nikohoe kwa niaba yako."

"Mzee, nenda zako."

Mama Kadi huchora waigizaji wa kike wa sinema za zamani, zile za rangi nyeusi na nyeupe. Hukata karatasi ngumu kwa wembe, huchora uso kwa wino, huuzimua kwa maji apate vivuli, kisha hugusa midomo kwa ncha ya kidole chenye wekundu kidogo. Macho huja mwisho, na wakati wa macho hakuna anayeruhusiwa kupiga chafya ndani ya nyumba.

Kadi huuzwa kwenye duka la vitabu na saluni mbili. Mwezi mzuri zinalipia maji na umeme. Mwezi mbaya zinalipia maji, na jioni wanandoa hawa wanakaa barazani kwa sababu nje kuna taa ya mtaa.

Wanunuzi ni watu wanaotaka kumfurahisha mama, shangazi, au mgonjwa. Fundi viatu anasimulia kuwa mwanamke mmoja aliwekewa kadi kwenye kabati la vyombo, na tangu siku hiyo hajavunja sahani, wala mumewe hajamjibu kwa ukali. Habari hii haina shahidi mwingine.

Fahari ya Mama Kadi ni moja. Hanakili picha. Anachora kwa kukumbuka.

"Nyuso zote zimo humu," anasema akigusa paji la uso. "Nilikuwa nadhani zimo."

Hofu iliingia wiki mbili zilizopita, kwa miguu ya msichana mpole. Alitaka kadi ya bibi yake, na bibi huyo akawa ndiye yule mwigizaji aliyevuma kwa kidoti chake, ambaye Mama Kadi amemchora kuliko wote. Msichana akafungua simu amwonyeshe bibi enzi zake. Kidoti kilikuwa shavu la kushoto.

"Nikamwambia simu za siku hizi zinageuza picha," anakumbuka. "Akaniambia, hapana mama, tazama nyuma yake. Nyuma kulikuwa na kibao cha duka, na kinasomeka vizuri kabisa."

Msichana alipoondoka, Mama Kadi aliwaza mpaka akapata jibu. Baba yake alikuwa mwendesha mashine ya filamu. Watoto wasio na tiketi hawakuruhusiwa ukumbini, kwa hiyo baba alimficha nyuma ya kile kitambaa cheupe cha kuonyeshea picha. Picha ilipenya kitambaa, naye akaitazama kwa upande wa pili, miaka yote ya utoto. Maandishi ya mwanzo yalipita kinyumenyume, lakini hakujua kusoma, hivyo hayakumsumbua.

"Ina maana wote nimewageuza. Kila kadi niliyouza. Nimekuwa nikiwaambia watu nawakumbuka hawa wanawake, na mwenyewe anakuja aseme mbele ya mjukuu wake kwamba sijawahi kumwona."

Amejaribu kusahihisha. Kidoti kikihamia kushoto, uso unakufa, anasema, unakuwa wa mtu wa kwenye noti. Amechana nyingi. Ile iliyobaki ni sahihi, na haipendi.

Saa nne kasoro dakika chache, gari linasimama. Mama Kadi anaisukuma kadi ya shavu la kulia chini ya kitambaa cha meza.

Mwigizaji anaingia kwa mkongojo na miwani ya jua, mjukuu akimshika kiwiko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umepauka? Mimi ndiye mzee hapa."

Mama Kadi anampa kadi iliyo sahihi. Bibi anavua miwani na kuitazama.

"Kazi safi," anasema. "Ndiye yule wa kwenye mabango." Anaiweka mezani kwa adabu, kama mtu anayerudisha sahani aliyokula nusu.

Ndipo fundi viatu anapokohoa mlangoni.

"Kuna nyingine, mama. Ina haya, imejificha chini ya kitambaa."

Mama Kadi anatamani ardhi ipasuke. Bibi mwenyewe anafunua kitambaa. Anaitazama kadi ya pili muda mrefu, halafu anatoa kioo kidogo mkobani, anajitazama, anarudi kwenye kadi.

"Huyu umempata wapi?"

"Nisamehe, mama. Nilikuwa nakutazama nikiwa nyuma ya kitambaa cha sinema. Nimekugeuza."

"Sijawahi kukaa ukumbini kujitazama," bibi anasema polepole. "Nilikuwa naogopa. Uso wangu nimeujua kwa kioo cha chumba cha kujipamba. Huyu ndiye niliyekuwa namwambia kila siku, toka, watu wanakusubiri, usitetemeke." Anaigeuza kadi kwenye mwanga. "Wengine wote wamenichora wanavyoniona wao."

Anaichukua hiyo. Lakini haondoki.

"Sasa nichore nilivyo leo. Mikunjo yote, usinipunguzie hata mmoja. Jumatatu, nyumbani kwangu."

Gari limeondoka, na hofu haijaondoka nalo. Mama Kadi hajawahi kumchora mtu anayepumua, anayeweza naye kumtazama. Kidoti cha kadi za duka atakiacha kulekule kulia. Hii mpya hana pa kuikumbuka.

"Nichukue kiti twende nacho, nikukalishe mbele yake?" mumewe anamuuliza. "Maana wewe ukifika utatafuta pazia la kujificha."

Mama Kadi anaosha brashi. Maji yanatikisika kwenye glasi, na yeye anayaacha yatikisike.

"Nimemwomba yule msichana aweke kiti mbele ya bibi yake," anasema. "Nikikuta amekiweka mbali, nitakisogeza karibu."