Mkono Mmoja Nyuma ya Kioo

Kioo kile kiliingia nyumbani kwetu kikinuka tumbaku. Kilisafiri kutoka Sikonge katikati ya marobota, kimefunikwa gunia na kufungwa kamba ya katani, na hata baba alipokifuta kwa kitambaa chenye spiriti, harufu ile kavu, tamu kidogo na yenye kukereketa koo iliendelea kutoka kwenye matundu ya mgongoni kwake kila kilipopata joto. Kilikuwa kioo cha kompyuta: sanduku zito la plastiki yenye rangi ya maziwa yaliyochacha, uso umebinuka kama jicho la ng'ombe. Mtaalamu mmoja mgeni aliyefanya kazi na wakulima wa tumbaku alikuwa akikitumia, kikazimika ghafla, na dereva wa lori akamwambia kwamba Tabora, mtaa wa Ng'ambo, yuko fundi wa redio anayefanyia kazi sebuleni kwake. Fundi huyo alikuwa baba yangu.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Ujamaa, kiangazi cha msako wa wahujumu uchumi. Sukari, sabuni na khanga zilikuwa adimu, na aliyeonekana navyo vingi alitakiwa kujieleza. Tulisikia habari za watu waliomwaga sukari chooni waliposikia hodi. Lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani. Basi kila mtu alikaa akingoja lifike kwa jirani yake. Mtaa wetu ulipakana na njia ya zamani ya misafara, na bibi yangu alikuwa akisema kwamba tangu enzi za wapagazi watu wa Tabora huuliza mzigo una nini kabla ya kumuuliza mwenye mzigo hali yake. Mzigo wetu ulishushwa mchana kweupe ukiwa ndani ya gunia. Kufikia alasiri watoto walikuwa wakiniimbia bombani kwamba kwetu kuna televisheni. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni wakati ule, nikawauliza hiyo televisheni itaonyesha nini. "Itamwonyesha baba yako akipanda karandinga la polisi!" alijibu mmoja, na ndoo zikamwagika kwa vicheko. Nilirudi nyumbani na maji nusu, na kwa mara ya kwanza nilimtazama baba nikijiuliza kama kweli namjua.

Baba naye alikuwa mtu wa kushuku, ila alishuku vitu. Alijifunza kutengeneza redio za zamani za taa kwenye karakana, na mengine aliyapata katika kitabu cha Kiingereza alichokisoma huku kamusi ikiwa pajani. Alinieleza mapema, ili nisije nikasogea: kioo cha namna hii hakifi kikichomolewa. Ndani yake kuna chupa kubwa, na chupa hiyo hutunza umeme kama mtungi unavyotunza maji, hata kama bomba limefungwa. Kwa hiyo alichomoa waya ukutani, akavua pete na kuitundika msumarini, akavaa mikono mirefu na miwani kwa sababu chupa ikipasuka hurusha vigae, kisha akasubiri. Baada ya hapo alichukua bisibisi yenye mpini mzito wa plastiki, iliyofungwa waya ulioshikizwa kwenye chuma cha fremu, akaipenyeza polepole chini ya kikombe cha mpira kilicho ubavuni mwa chupa. Umeme ulitoka kwa mlio mkali, pa! Akasubiri tena na kurudia, kwa maana umeme mwingine hujikusanya upya. Muda wote huo mkono wa kushoto aliukunja nyuma na kushika mkanda wa suruali. Umeme ukiingia mkono huu na kutokea mkono ule, alisema, hupita moyoni.

Siku ya tatu alasiri, baba alikuwa amekiwasha kukijaribu na ametoka kukichomoa wakati hodi ilipobishwa. Alikuwa Bi Zuhura, balozi wetu wa nyumba kumi, muuza vitumbua ambaye hadi mwezi uliopita alikuwa akiingia kwetu bila kubisha. Nyuma yake alisimama mgambo kijana, Maganga, na nyuma ya Maganga nusu ya mtaa.

"Shikamoo Bi Zuhura," nilisema.

"Marahaba, Tatu. Baba Tatu, tumekuja kutazama hicho chombo. Fungua tuone ndani."

"Karibuni. Lakini subirini kidogo, ndiyo kwanza nimezima."

Watu waliokuwa mlangoni waliguna kwa pamoja. Bi Zuhura akaweka mkono kiunoni. "Subirini! Nyumba zote nilizoingia, neno la kwanza ni hilo hilo. Hata yule wa katoni za sabuni alisema subirini."

Kifuniko cha nyuma kilikuwa tayari kimefunguliwa. Maganga hakusubiri. Aliinama na kunyoosha mkono ndani, na baba akaudaka kifundoni. Kumshika mgambo akiwa kazini halikuwa jambo dogo mwaka ule. Mama, aliyekuwa kwenye mlango wa ua, alitamka jina la Mwenyezi Mungu. "Kijana," baba alisema bila kupaza sauti, "hicho kitakuua." Aliuachia mkono, akachukua bisibisi, akafanya kama siku zote. Cheche ya buluu ililia, na mlango ukawa mweupe, hakuna mtu. Maganga alirukia kiti cha mama.

Bi Zuhura peke yake hakusogea. "Umechomoa ukutani, na bado kina umeme. Basi kimeunganishwa na wapi?"

Baba alieleza habari za mtungi, akarudia bisibisi, ikatoa mlio mdogo, akarudia tena, kimya. "Sasa ni salama."

"Kama ni salama, weka mkono wako wewe."

Baba aliingiza mkono wa kulia hadi kwenye kiwiko. Wa kushoto ulikwenda nyuma wenyewe, kwa mazoea.

"Mkono mtupu haulambwi, Baba Tatu. Huo wa nyuma umeshika nini?"

"Mkanda."

"Ingiza yote miwili. Usipoingiza, twende ofisini ukawaeleze huko."

Nilimwona baba akifikiri. Alijua kwamba chupa imekwisha umeme; alijua pia kwamba sharti la mkono mmoja halikuwekwa kwa ajili ya siku ambazo una hakika. Alitutazama mimi na mama, kisha akaingiza mikono yote miwili na kuiacha humo mpaka Bi Zuhura alipotosheka. Akatoa vumbi na mjusi mkavu, akaviweka mezani.

"Haya," Bi Zuhura alisema, akivisukuma kwa kidole. "Hapa hakuna uhujumu. Ila kikiwaka niite, nami nione." Akamgeukia Maganga. "Shuka kwenye kiti cha watu."

Kesho yake asubuhi baba hakugusa kazi. Alinichukua tukaenda kwa kina Maganga, tukamkuta akifua. "Ulichoniona nikifanya jana," baba alimwambia, "usikifanye katika nyumba nyingine yoyote. Nililazimishwa." Maganga alicheka kwa aibu. "Mzee, mimi sasa hata tochi naiogopa." Baba hakucheka. Alimfanya aahidi, na tuliporudi alikuwa mtulivu kuliko alivyokuwa wageni walipoondoka. Kasoro aliipata juma lile, risasi ya kulehemia iliyopasuka chini ya transfoma. Bi Zuhura akaja, akaona herufi za kijani, akasema alitegemea makubwa zaidi.

Leo mimi ni mtu mzima, naishi katika nyumba ile ile, na vioo vya zamani ndivyo vinavyonishughulisha. Huvitoa maofisini vinapotupwa, navitengeneza kwa mpangilio niliojifunza kwa kutazama. Hakuna balozi anayeuliza ninachofungua sebuleni. Jirani zangu wana kuta ndefu na mageti, na wengine siwajui majina. Sitamani kiangazi kile kirudi. Niliona kilivyowafanya watu wapimane kwa macho. Lakini lipo sharti moja ambalo baba hakunifundisha, nikalikuta baadaye vitabuni, nadhani kwa sababu zama zake lisingeweza kuvunjwa: usifanye kazi hii ukiwa peke yako. Kwa hiyo kabla ya kupenyeza bisibisi nampigia simu binti yangu aliyeko Mwanza, naiegemeza kwenye kikombe, namwomba asikate. Ananiuliza kama nimekula. Nafanya kazi, naye anasikiliza kama bado napumua.