Baiskeli Iliyoletwa na Gari

Wiki hii nilipanga foleni kujiandikisha mbio za baiskeli hapa Arusha. Mbele yangu alisimama mzee mmoja mkulima, jasho likimtiririka, kashika baiskeli nyeusi ya chuma. Karani, kijana wa kumzaa kabisa, hakutoa hata shikamoo.

"Mzee, hii ni ya kubebea ndizi. Sisi tunataka za mbio."

"Nimeiendesha kutoka Tengeru sasa hivi, mwanangu. Shida ni keria?"

Akatoa spana mfukoni, akachuchumaa, akaifungua keria yote na kuiegemeza ukutani. Karani akacheka.

"Hata hivyo haina hadhi."

Mara likasimama gari. Akashuka jamaa mwenye kaptula ya kubana, akaishusha baiskeli yake kutoka juu ya paa. Karani akanyanyuka kumpokea.

"Karibu sana, bosi!"

Akamwandika palepale, baiskeli yenyewe hakuitazama.

Mzee akarudishia keria yake, nati moja baada ya nyingine. Zamu yangu ilipofika, nikamwambia karani, "Mimi niandike mbio za magari, maana ndizo mnazoandaa."