Mjumbe Atasimama Wapi?

Juzi kwenye banda la fundi simu pale Dunda, askari wa mtaani kwetu alishikilia kwamba serikali ipewe ufunguo wa meseji zetu, hata zile ambazo kampuni inayozipitisha yenyewe haiwezi kuzisoma.

"Wahalifu wanapangia njama zao humo. Kama huna baya, unaogopa nini?"

Mama mjumbe wa nyumba kumi, aliyekuwa akisubiri kubadilishiwa kioo, akainua kichwa.

"Mwanangu, mkija kupekua nyumba ya mtu, mnanigongea mimi kwanza. Nasimama pale mnapofungua kabati, nione mlichokikuta. Sasa mkiingia kwenye simu, mimi nasimama wapi?"

Askari akaitazama simu yake, akaigeuza kifudifudi mezani.

Wahalifu wakamatwe, sina ubishi. Ila anayepekua bila mjumbe, hata awe na pingu kiunoni, hapa Dunda huwa tunamwitia mwizi.