Goti lilivimba, watu wakasema nina ngoma: nilivyougua reactive arthritis Songea

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sijasimuliwa, na sitaongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilitoka kwetu Nakapanya nikaja Songea mjini kuuza mitumba. Nilipanga chumba na Komba, Mngoni, muuza viatu, meza yake ilikuwa jirani na yangu sokoni.

Tulipika sufuria moja. Yeye Jumapili kanisani, mimi Ijumaa msikitini, hatukuwahi kukwazana.

Safari moja nilipeleka nguo Madaba, nikarudi naharisha damu. Nikameza vidonge vya duka la dawa, tumbo likatulia, nikasahau.

Wiki chache baadaye naamka, goti la kulia limevimba, la moto, haligusiki. Kikafuata kifundo cha mguu wa kushoto. Macho yakawa mekundu. Kukojoa nako kunachoma (samahanini, lakini ndivyo ilivyokuwa).

Nikakonda.

Wenye umri wangu mnakumbuka. Miaka hiyo kijana akikonda, watu walikuwa na jibu moja tu. Sokoni wakanong'ona kwamba nina ngoma, yaani UKIMWI.

Komba hakunisema. Asubuhi moja alikunja godoro lake, akaniambia, "Kaka, naenda kukaa kwa braza kidogo. Ana mgonjwa."

Hakunitazama usoni.

Kibaya zaidi, hata mimi niliamini.

Nikajikokota hospitali, nikalazwa. Saa ya kuona wagonjwa, wodi ilijaa ndugu na vyakula vyao. Mimi nilijifunika shuka gubigubi, najifanya nimelala, watu wasione kwamba sina mgeni. Nyumbani hawakujua, na simu za mkononi hazikuwepo.

Daktari, mama mmoja mtulivu, aliniuliza, "Kabla ya haya, uliharisha?"

"Ndiyo, shikamoo. Damu kabisa." Hofu ilinichanganya, salamu ikaja mwisho.

Akavuta maji ya gotini kwa sindano, na damu wakapima. Majibu yalipotoka akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Mwanangu, huna UKIMWI. Wadudu wa tumboni waliamsha kinga ya mwili wako. Wao wameondoka, lakini kinga bado inashambulia viungo vyako mwenyewe, na macho. Inaitwa reactive arthritis. Kukaa na wewe hakumwambukizi mtu. Wengi hupona, ila inachukua miezi."

Nikageuka nimtafute wa kumwambia. Kwenye vitanda vya jirani walikuwa wanakula na watu wao.

Nilipotoka, nilikwenda na magongo mpaka kwa kaka yake Komba. Nikamweleza Komba yote. Alisikiliza akiwa amesimama mlangoni.

"Tumshukuru Mungu, kaka," akasema.

Hakusema karibu ndani.

Dawa za kupunguza uvimbe na mazoezi vilinirudisha taratibu, karibu mwaka mzima. Na Komba tuliendelea kusalimiana sokoni, vizuri tu. Lakini sikupanga tena na mtu, mpaka nilipooa.

Nilichojifunza: ukiharisha vibaya, au ukiugua ugonjwa wa zinaa, halafu baadaye viungo vikavimba na macho yakawa mekundu, mwambie daktari vyote, aibu weka pembeni.

Na mtu wako akiugua ugonjwa msioujua, kaa naye kwanza. Jina la ugonjwa litajulikana tu.

Kuna aliyepitia hili humu? Tuambie ulivyopona. Na tuambie nani alikuja kukuona.