Rula Alivyojifunza Kupinda

Jina alilopewa na wazazi wake lilisahaulika zamani. Watu wote walimwita Rula, naye aliitika. Alikuwa dereva wa trekta, mtu wa kuwalimia wenzake mashamba kwa plau, na sifa yake ilikuwa moja tu: mistari yake ilinyooka. Alichagua mti au jiwe juu ya kilima, akalikazia macho, akaachia klachi, na kutoka bondeni hadi kileleni plau ilichora mfuo ambao ungedhani umepigwa kwa uzi. Wapita njia walisimama kutazama. Fundi cherehani mmoja aliwahi kusema kwamba akimpata mwanafunzi mwenye mkono kama wa Rula, atastaafu siku hiyohiyo.

Sifa ikimwingia mtu haikai mahali pamoja, huenea mwili mzima. Rula alikunja shuka pembe kwa pembe. Viatu vyake mlangoni vilisimama kama askari. Hata akila, alianzia upande mmoja wa sahani akaenda nao mpaka upande wa pili bila kuruka. Mkewe, ambaye hakukosa la kusema, aliwaambia mashoga zake: "Mimi hata nikitaka kugombana naye lazima niyapange maneno foleni. Nikianza na la pili, ananirudisha kwenye la kwanza."

Shamba alilolionea fahari kuliko yote lilikuwa la dada yake mkubwa. Lilikuwa mteremkoni, juu kidogo ya nyumba za watu, limejianika wazi kama nguo kwenye kamba, kila aliye chini akiliona. Dada huyu ndiye aliyemlea Rula mama yao alipofariki. Alimbeba mgongoni yeye mwenyewe hajamaliza kung'oa meno ya utoto. Alipofiwa na mumewe, Rula alijitwika kazi ya kumlimia kila msimu, na alilima pale kwa moyo wote, juu chini, juu chini, mpaka mteremko mzima ukawa kama nywele zilizochanwa.

Tatizo ni kwamba shamba lilikuwa linakonda.

"Mdogo wangu," dada alimwambia msimu mmoja, ameinama kwenye mahindi yaliyomfika gotini badala ya kifuani, "hili shamba limechoka."

"Shamba halichoki, dada. Mbegu ndiyo mbaya."

"Mbegu ileile kule chini imestawi. Huku juu nikipiga jembe linalia kwenye mawe. Zamani mawe haya hayakuwepo."

Rula alikuna kidevu, akasema labda mawe yanaota. Dada hakucheka.

Waliokaa chini nao walikuwa na yao. Mvua ikinyesha, maji mekundu yalishuka kutoka mteremkoni, yakapita uani, na mwaka ule yaliingia jikoni kwa watu wa mstari wa kwanza wa nyumba. Akina mama walizoa tope kwa ndoo, watoto wamepandishwa juu ya meza. Mvua ilipokatika, wakazi wale waliandamana, buti zikiwa bado na matope, hadi kwenye ofisi ya hifadhi ya udongo na maji.

Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili nyuma ya ghala la mbegu. Chumba kimoja kilijaa viroba vya mashina ya majani ya kuzuia udongo, mizizi ikinukia unyevu. Kingine kilikuwa na meza, na benchi refu ambapo mkulima mwenye korongo shambani alikaa bega kwa bega na mwenye nyumba anayegombana na jirani kwa sababu ya maji ya paa. Mtaalamu wao alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mpole, asiyevua buti za mpira hata jua likiwaka. Watu walimwita Mama Udongo. Alikuwa akisema, "Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Haya, sisi hapa ndiyo kazi yetu, kuyazoa."

Aliwasikiliza wakazi, kisha akapanda mteremkoni kumwona mwenye shamba. Hakwenda kushtaki. Alikaa na dada juu ya kiroba, wakazungumza, na walipomaliza dada alikuwa amekubali shamba lake lipimwe upya, lilimwe kwa kukatisha mteremko, lipandwe majani kwenye kila kinga, yaani tuta la kuzuia maji. Siku mbili tatu baadaye vigingi vilikuwa vimesimama.

Rula alipofika na trekta akaviona, alidhani kuna mtoto aliyechezea. Vigingi havikupanda kilima. Vilikizunguka. Vilikwenda hivi, vikajikunja kwenye kibonde, vikatokeza kwenye kinundu, vikajikunja tena kama nyoka aliyekanyagwa.

"Kaka," Mama Udongo alimwambia, "hapo palipo na kigingi, usawa ni mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukifuata hivyo, maji hayatapata pa kukimbilia. Yatasimama, yatazama chini."

"Mama, mimi nalima, sichori maua."

"Najua unalima. Ndiyo maana nimesubiri wewe."

"Watu watasema nimelewa."

"Watasema kwa siku moja tu. Tope linaingia majumbani kila mwaka."

Rula alizima injini, akashuka, akaondoka kwa miguu. Usiku hakulala vizuri. Kulipokucha alisikia kwamba dada yake amekwenda kliniki na atachelewa kurudi. Akarudi mteremkoni peke yake, akawasha trekta, akatafuta jiwe lake la siku zote kule juu, akalikazia macho. Alilima shamba lote kwa desturi yake. Vigingi vilivunjika chini ya plau kimoja kimoja, vikitoa mlio mdogo kama wa mtu anayetafuna karanga. Alipomaliza aligeuka kutazama, na kusema kweli, lilikuwa limependeza.

Dada aliporudi alisimama pembeni ya shamba kwa muda. Kisha aliingia ndani kwake akafunga mlango. Hakutuma mtu, hakuuliza. Rula alikuwa amejiandaa kwa maneno, ameyapanga majibu yake yote kwa mstari, na hakuna aliyekuja kuyachukua.

Mvua ilianza mchana, siku chache baadaye, ghafla, kwa kishindo. Rula alikuwa kibarazani. Akamwona dada yake anakuja, kajifunika karatasi ya nailoni kichwani, miguu imechafuka hadi magotini. Hakupanda kibarazani. Alinyoosha mkono.

"Twende."

"Dada, mvua hii?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Twende."

Akamshika kiganja, na lile jitu zima, baba wa watoto wakubwa, likaburutwa mvuani kama mtoto anayepelekwa kuoga.

Walisimama katikati ya shamba. Mara ya kwanza Rula hakuelewa anachokiona. Kisha akaelewa. Kila mfuo ulikuwa mtaro. Maji yalidondoka juu ya kilima, yakapokewa, yakashuka mbio moja kwa moja bila kituo, mekundu, yamebeba udongo uliotifuliwa juzi, yamebeba mbegu. Yalifuata mistari yake bila kukosea hata mmoja. Hiyo ndiyo iliyomchoma. Angeona maji yamepotea njia, yamevuruga kazi yake, angekuwa na wa kumlaumu. Lakini maji yalikuwa yanamtii. Kule chini aliona watu wanapanga magunia ya mchanga mlangoni, na mmoja wao ameinua uso kutazama juu, kumtazama yeye.

"Mbona hukunifokea?" akauliza. Ilibidi apaze sauti.

"Ningekufokea ungenibishia," dada alijibu. "Haya, ibishie mvua."

Kesho yake Rula alikwenda ofisini. Alikaa kwenye lile benchi, kati ya mzee mwenye korongo na majirani wawili wasiotazamana, akasubiri zamu yake. Mama Udongo hakuonyesha kushangaa.

"Vimebaki vigingi vingapi?"

"Hata kimoja."

"Basi tutachonga vingine."

"Mama," Rula alisema, ameinamia mikono yake, "samaki hukunjwa angali mbichi. Mimi nimeshakauka."

"Samaki mkavu hulowekwa, kaka. Na nasikia jana umelowa vizuri."

Majirani wawili wakacheka, na kwa kuwa walicheka pamoja, wakalazimika kutazamana.

Walirudi mteremkoni na kifaa cha kupimia, ambacho kilikuwa mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, umefungwa kwenye fimbo mbili. Mama Udongo alishika fimbo moja, Rula nyingine. Maji yakitulia sawa pande zote mbili, ndipo kigingi kinapochomekwa. Rula alijifunza jambo ambalo hakulipenda: macho yake, yaliyosifiwa na kila mtu, yalikuwa yakimdanganya. Mahali alipoapa pako sawa, palikuwa pamezama. Palipoonekana kupanda, palikuwa tambarare. Kila mara aliutazama ule mpira kwa hasira, kana kwamba unamsengenya.

Kulima kwenyewe kulikuwa kugumu kuliko alivyodhani. Kunyoosha ni kutazama mbali na kushika usukani bila kutikisika. Kupinda kwa usawa ni kutazama karibu, hatua kwa hatua, trekta imeinama upande, gurudumu moja juu na jingine chini, na shingo inauma kwa kugeuka nyuma kuangalia plau. Jasho lilimtoka. Na watu walikuja kweli, wakajipanga barabarani.

"Jamani, Rula imepinda!"

"Trekta imekunywa nini leo?"

Kwenye kibonde cha mwisho, ambapo vigingi vilijikunja sana na kicheko kilikuwa karibu, Rula hakustahimili. Aliukatiza ule mpindo. Haukuwa mkubwa. Mama Udongo alikwisha kwenda shamba jingine. Plau ilipita moja kwa moja, ikaacha mstari mzuri, mfupi, na kwa dakika moja Rula alijihisi yuko nyumbani.

Majani yalipandwa, maharage yakapandwa. Mvua ndogo zilikuja, na maji yakafanya kama alivyoambiwa: yalisimama nyuma ya makinga, yakazama. Kisha ikaja mvua kubwa. Maji yalijaa kwenye mifuo, yakatafuta udhaifu, yakaupata pale kibondeni. Kinga lilipasuka, na maji yaliyotoka hapo yalikwangua maharage ya dada yake hadi chini.

Rula alipofika, dada alikuwa ameshafika. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, anatazama. Kigingi kilikuwa bado kimesimama, peke yake, mbali na mfuo.

"Kigingi kiko hapa," dada alisema, "na mfuo uko pale."

Rula alikaa chini, kwenye tope, suruali na yote.

"Watu walikuwa wananicheka, dada."

"Na mimi walinicheka nilipokubeba. Walisema mzigo mkubwa kuliko punda. Nilikuwa nakwenda kisimani na wewe mgongoni, wanacheka njia nzima." Akamgeukia. "Nilikutua?"

Rula aliinuka, akachukua jembe lililokuwa pale, akaanza kulijenga upya lile kinga kwa mkono, akifuata kigingi. Dada naye alichukua jingine. Walifanya kazi hadi jua likatoka, hawakuzungumza tena habari ile, siku ile wala baadaye.

Ilichukua misimu kadhaa kabla ya mtu kuweza kusema mambo yamebadilika, na hata hapo yalibadilika polepole. Majani yaliota, yakashona makinga. Udongo uliokuwa ukikimbia ulianza kujilaza nyuma yake, tabaka juu ya tabaka. Jikoni kwa watu wa chini kulikauka. Mama mmoja aliyekuwa akimtazama Rula kwa jicho la pembeni alimpelekea kikombe cha chai hadi kwenye trekta. Ofisi ilimwajiri awalimie wakulima wengine, na wale waliokuwa wakicheka barabarani, mmoja baada ya mwingine, walikuja kukaa kwenye benchi. Wakimwuliza kama kweli kulima kwa kupinda kunasaidia, hakuwahubiria. Aliwaambia wamsubiri mvua ikinyesha, atakuja kuwachukua.

Lakini kuna yaliyoharibika na hayakurudi. Sehemu ya juu ya shamba la dada ilibaki mawe.

Kisha mwaka mmoja kiangazi kilikuwa kirefu, bwawa la bondeni, ambako maji yote ya mteremkoni yaliishia, likapungua sana, na ofisi ikaamua kulizoa tope lililojaa chini yake. Wakulima wenye uwezo wa kulibeba waliambiwa wachukue. Rula alifunga tela nyuma ya trekta. Alipofika bwawani alishuka, akachota udongo ule kwa kiganja. Ulikuwa laini, mwekundu, hauna jiwe hata moja. Alikaa nao mkononi muda mrefu kiasi kwamba waliokuwa nyuma yake walianza kupiga honi.

Alipanda nao polepole hadi juu ya mteremko. Dada, ambaye sasa alitembea kwa mkongojo, alitoka kumpokea. Aliutazama ule udongo, akautazama ule uwanja wa mawe.

"Hata robo hautoshi," alisema.

"Najua. Nitarudi."

"Ndio ule wetu?"

"Wetu, na wa wenzetu wote wa huku juu. Umechanganyika, dada. Hakuna wa kuutambua."

Dada aliingiza ncha ya mkongojo kwenye tela, akauchimba kidogo, akaunusa.

"Basi mwaga," alisema. "Anzia hapa, karibu na mimi, nione."